Jiwe la milimita 14 kwenye figo: akatwe, apigwe mawimbi au aingizwe kamera?

Swali lenyewe kwa ufupi: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa Kisauni. Bwanangu ana miaka 43, ni dereva wa lori, atoa makontena bandarini Kilindini hadi Malaba. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto akiwa Mtito Andei, akadungwa sindano yakatulia. Tumepiga CT skani hapa Mombasa, ina jiwe la milimita 14 sehemu ya chini ya figo ya kushoto. Daktari asema aingizwe kamera kwa njia ya mkojo, jiwe livunjwe na leza bila kukatwa, kisha aachiwe mrija ndani. Nduguze wasema akatwe waishe mara moja, na kuna mzee Kongowea auza dawa ya kuyeyusha. Mwenyewe saa hizi haumwi, asema ashapona. Na kwa siri ataka kujua kama mambo haya yatamharibia uanaume. Tufanye nini?"

Marahaba dadangu, na umpe pole sana shemeji. Nianzie hapo kwa kusema ashapona, manake hapo ndipo pananitia wasiwasi kuliko hata jiwe lenyewe. Jiwe likitulia ndani ya figo kwa kawaida haliumi, linauma likiziba, yaani likitoka lilipo likaingia ule mrija unaoteremsha mkojo toka figo hadi kibofu, figo inajaa inavutika, hapo ndio unaona mtu mzima anagaagaa sakafuni. Sasa kuna watu jiwe limewaziba nusu nusu, maumivu ya siku za mwanzo yakaisha, wakarudi kazini kama kawaida na figo inaharibika pole pole kimya kimya, siku anapigwa altrasaundi kwa jambo lingine kabisa anaambiwa hii figo moja haifanyi kazi tena. Kwa hivyo asijipime kwa maumivu. Na milimita 14 haitoki yenyewe, huo mrija kwa ndani upana wake ni kama milimita 3 au 4 tu. Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi linashuka kwa maji na subira, la 5 mpaka 10 laweza kushuka laweza kugoma, lakini la 14 akisema angoje litoke ni kwamba anangoja lizibe.

Kuhusu mzee wa Kongowea, mimi sipendi kumvunjia mtu biashara yake, ila mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu oksaleti na hayo hakuna kinywaji kinachoyayeyusha, si cha duka la dawa si cha mitishamba. Aina inayoyeyuka kweli ni ya yurik asidi, na yenyewe yanayeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo kama potasiamu sitreti au baikaboneti, kwa wiki au miezi, huku mkojo ukipimwa. Utajuaje ni la aina gani? Chukua ripoti ya CT uangalie kama kuna namba imeandikwa HU, yaani kipimo cha uzito wa jiwe kwenye picha. Ikiwa chini ya 500 hivi kuna uwezekano likawa la yurik asidi, na jiwe hilo pia huwa halionekani kwenye eksirei ya kawaida. Ikipita 1000 basi ni gumu, na hiyo itatusaidia hapo mbele kuchagua njia. Kama namba haiko kwenye ripoti muulize daktari aliyesoma picha, anaweza kuitoa kwa kompyuta saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa nduguze. Kukatwa ubavu ndio tulivyokuwa tukifanya zamani, kidonda kirefu, wiki kadhaa hawezi kunyanyua kitu, na akipata jiwe jingine miaka ya mbele (na wengi hupata) kukata mara ya pili palipokatwa ni kazi ngumu zaidi kwa daktari na hatari zaidi kwa figo. Siku hizi kukata kumebaki kwa hali chache sana, au mahali vifaa havipo. Kwa jiwe la 14 mimi singekubali kukatwa kabla sijauliza hospitali ya pili na ya tatu.

Zimebaki njia tatu. Kuna ya kuvunja kwa mawimbi toka nje, kwenye karatasi wataandika ESWL. Mgonjwa analala, mawimbi ya mshtuko yanapita ngozi na nyama yanakutana kwenye jiwe, hakuna kinachoingizwa mwilini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich, Ujerumani, mwaka 1980, na waliotengeneza mashine walikuwa kampuni ya ndege, Dornier, waliokuwa wanachunguza matone ya mvua yanavyodhuru bodi ya ndege yenye kasi kubwa. Nzuri sana kwa jiwe dogo lililokaa mahali pazuri. Lakini inavunja tu, haitoi, vipande lazima vishuke vyenyewe, na jiwe la shemeji liko vyumba vya chini vya figo kwa hivyo vipande vitatakiwa kupanda juu kwanza ndio viteremke, vingi vinabaki palepale. Na kama HU imepita 1000, au ni mtu mnene, mawimbi yenyewe hayalivunji vizuri. Tena haifai kwa anayetumia dawa za kulainisha damu wala mwanamke mjamzito.

Kuna PCNL. Hii wanatoboa mgongoni tundu la kama sentimita moja, sindano inaongozwa kwa altrasaundi au eksirei hadi ndani ya figo, njia inapanuliwa, kamera inapita hapo, jiwe linasagwa na kutolewa. Fernström na Johansson waliieleza mara ya kwanza kule Uswidi mwaka 1976. Jiwe likipita sentimita 2 hii ndio ya kwanza kufikiriwa, na siku hizi kuna ya tundu dogo zaidi, nusu ya lile la zamani, ambayo hata kwa la bwanako ingefaa. Inamaliza jiwe vizuri pengine kuliko zote. Bei yake ni damu, manake unatoboa kiungo kilichojaa mishipa, wachache wanahitaji kuongezwa damu, na atalala wodini siku mbili tatu.

Ya tatu ndio aliyosema daktari wenu, na kwa ulivyonieleza mimi niko upande wake. Kamera nyembamba inayokunjika, unene wake hauzidi milimita 3 hivi, inapita njia ya mkojo, ikaingia kibofu, ikapanda mrija hadi figoni, na kwa vile inakunjika inaweza kugeuka ikachungulia hata vile vyumba vya chini ambavyo mawimbi yanashindwa navyo. Ndani yake kuna tundu, unapita uzi wa leza, leza inapiga jiwe mpaka linakuwa vumbi au vipande vidogo, vingine vinatolewa na kikapu kidogo cha waya, vumbi linatoka na mkojo. Anapewa nusu kaputi, hasikii kitu, kazi inachukua saa moja au mbili, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna hata plasta mwilini. Ndio maana nduguze hawaamini, wamezoea kuona kidonda ndio wajue mtu katibiwa.

Lakini mambo mawili hawaambiwi watu mapema kisha wakifika wanakasirika. Moja, inawezekana daktari akaingia akakuta mrija ni mwembamba kamera haipiti. Hapo daktari mwenye busara halazimishi, anaweka stenti tu (ule mrija wa plastiki unaoachwa ndani), anamrudisha nyumbani wiki moja mbili mrija upanuke wenyewe, halafu anarudi kumalizia. Mkiambiwa hivyo msidhani mmeliwa pesa. Aliyelazimisha ndiye wa kuogopa, manake mrija ukichanika au ukabaki na kovu umenunua ugonjwa mwingine. Mmarekani Hugh Hampton Young aliwahi kufikisha kifaa kigumu cha kuangalizia hadi figoni mwaka 1912, kwa mtoto, lakini aliweza kwa sababu mrija wa yule mtoto ulikuwa umeshafutuka kwa ugonjwa. Wa mtu wa kawaida ni mwembamba. Na kama shemeji ni mtu wa Kwale au Tana River, utotoni akiogelea mitoni na akawahi kukojoa damu, mwambie daktari, kichocho cha huku kwetu Pwani kinaacha makovu kwenye mrija kule chini karibu na kibofu na kinaubana, ni heri ajue kabla hajaingia thieta. Hilo la pili ni kwamba jiwe la 14 laweza lisiishe kwa siku moja, vipande vikabaki, akahitaji awamu nyingine. Sio wengi lakini wapo.

Kabla ya yote hayo, kalcha ya mkojo. Sio kile kijiti cha kuchovya dakika moja, kalcha yenyewe inayokaa maabara siku mbili tatu. Jiwe linaficha wadudu ndani yake, ukilivunja huku unamwaga maji kwa presha ndani ya figo wadudu wanasukumwa kwenye damu, na hapo operesheni ndogo inageuka mgonjwa wa ICU. Kati ya hatari zote za njia hii, mimi hiyo ndio ninayoiogopa. Kama kalcha imeonyesha wadudu anatibiwa kwanza kwa antibayotiki inayowaua hao hao, ndio aingie. Hospitali ikikwambia njoo kesho tuvunje bila kuulizia kalcha, uliza wewe.

Haya, stenti. Hapa nisikilize vizuri dadangu manake kwa kazi ya bwanako hapa ndipo penye mtego. Ule mrija wanaouacha ni plastiki laini, urefu kama sentimita 24 mpaka 28, ncha zake mbili zimejikunja, moja inakaa ndani ya figo nyingine ndani ya kibofu ili usiteleze. Unawekwa kwa sababu mrija wa mwili ukishapitiwa na kamera unavimba, ungeziba siku mbili za kwanza akapata maumivu kama yale ya Mtito. Wakati uko ndani atakwenda haja ndogo mara nyingi, usiku pia, akikojoa anasikia kama kuna kitu kinamchoma ubavuni (ni mkojo unarudi juu kupitia stenti), na mkojo utakuwa na damu damu hasa akibeba kitu kizito au barabara ikiwa mbovu. Hayo yote ni kawaida, asikimbie kumtukana daktari, kuna vidonge vya kutuliza. Lisilo la kawaida ni homa.

Baada ya operesheni kama hii stenti kwa kawaida inatolewa baada ya siku chache hadi wiki mbili. Kuitoa ni dakika chache, jeli ya ganzi, kamera ndogo kibofuni, inavutwa. Nyingine huachwa na kamba nje zikavutwa bila kamera. Rahisi hivyo. Na kwa sababu ni rahisi ndio watu wanasahau. Maumivu yakishazoeleka mtu anaona ah nitakwenda mwezi ujao, mara kapata safari, mara hana nauli, mara mwaka umeisha. Stenti ikikaa inaota mawe juu yake, kwa mtu ambaye mkojo wake tayari ni wa kutengeneza mawe inaota haraka. Kuna utafiti wa Saudia uliochapishwa 1991, kwa wagonjwa wa mawe stenti zilizotolewa kabla ya wiki 6 zilizoota ukoko ni kama moja kwa kumi, zilizopita wiki 12 ni kama tatu kwa nne. Ikishaota haitoki tena kwa kuvuta, unarudi thieta kuvunja mawe ya stenti yenyewe, wengine ndio hao wanaishia kutobolewa na kukatwa kwa jambo ambalo lingekuwa la dakika tano. Mimi nimeona watu waliokaa nayo miaka, mmoja hata hakuwa anajua kuwa yumo nayo, aliambiwa akiwa bado na usingizi wa dawa hakuelewa, na mkewe hakuambiwa.

Kwa hivyo wewe ndiye utakayeambiwa. Asitoke hospitali kabla hamjaandikiwa tarehe na mahali pa kuitolea, andika kwenye simu yako na si yake, na akipewa safari ya Malaba inayogongana na hiyo tarehe, safari ndio ingoje. Uliza mapema kama gharama ya kuitoa imeingia kwenye ile bili ya kwanza au ni malipo mengine, manake nimeona watu wamekwama kwa hilo tu. Kuhusu malipo kwa jumla, hakikisheni michango ya SHA (bima ya afya ya serikali) imelipwa na iko hai, kisha hospitali iwaandikie SHA italipa ngapi na nyinyi mtaongeza ngapi kabla hajalazwa, kamera hizi za kukunjika ni ghali na zinaharibika haraka, nyingine ni za kutumia mara moja tu, hapo ndipo bei inapotofautiana sana kati ya hospitali na hospitali. Iwe ni Coast General, iwe ni ya binafsi mjini, maswali ni hayo hayo: kamera ya kukunjika iko hapa au inakodishwa, daktari anaifanya mara ngapi kwa mwezi, na ikishindikana mpango wa pili ni upi. Asikasirike kuulizwa, na akikasirika nenda kwingine.

Sasa lile la siri. Mwambie atulie. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uanaume haiguswi kabisa, kamera inapita ndani ya njia ya mkojo inatoka. Siku stenti imo ndani tendo laweza kumuuma, akatoa damu kidogo, wakangoja tu hizo siku. Halafu kuna jambo moja linawatisha wanaume bure: akipewa tamsulosini, ambayo tunaitoa sana kulegeza mrija na kupunguza kero za stenti, anaweza kukuta akimaliza hakuna kinachotoka au kinatoka kidogo. Ni dawa hiyo, inarudi nyuma au inazuia, akiacha kumeza mambo yanarudi. Wengi hawaulizi, wanaacha dawa kimya kimya na kuwaambia wenzao kijiweni kwamba leza imewamaliza.

Wakati anangojea siku ya operesheni, maumivu yakirudi diklofenaki inasaidia kweli, lakini asiimeze kila siku kwa wiki nzima kama peremende, na kama damu imeonyesha figo zimechoka asiiguse. Na haya yakitokea hakuna kungoja tarehe yoyote: homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, mkojo kukatika kabisa, au kutapika hata maji hayakai. Homa na jiwe lililoziba ni dharura ya usiku huo huo. Hapo hata jiwe halivunjwi, wanatoboa figo kutoka mgongoni au wanapandisha stenti ili usaha utoke, antibayotiki, jiwe baadaye akishapoa. Ikimkuta njiani asijikaze eti afike Mombasa, aingie hospitali iliyo karibu, Voi, Makindu, popote, na kama stenti ishawekwa aseme mlangoni kabisa kwamba anayo. Kuendesha lori akiwa na jiwe bovu kama hilo mimi singempa ruhusa ya safari ndefu, maumivu yale yakimshika kwenye mteremko na kontena nyuma ni hatari kwake na kwa watu wengine. Baada ya operesheni, akiacha zile dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi anaweza kushika usukani, safari fupi kwanza.

Maji tutaongea kwa ukali kidogo. Madereva wa masafa nawajua, hawanywi ili wasisimame simame, jua la kabini linawakausha, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, na jiwe linapenda hapo. Tunataka mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku, na kwa joto la Mombasa na jasho lake hiyo ni kunywa lita 3 na zaidi. Akamulie ndimu, akinywa madafu sawa, ila madafu yana potasiamu nyingi, figo zikiwa dhaifu aulize kwanza. Soda na chai za vibanda vya barabarani zisihesabiwe kuwa maji. Chumvi apunguze, na kwetu hapa chumvi imejificha kwenye ng'onda, achari na viazi karai, sio kwenye kikopo cha mezani tu. Nyama choma kila kituo cha lori pia apunguze. Maziwa asiache, watu wakisikia kalsiamu wanakimbia maziwa na ni makosa, kalsiamu ya chakula inashika oksaleti tumboni kabla haijafika figoni, kwa hivyo mchicha, nduma na njugu vikiliwa pamoja na maziwa au mtindi ni afadhali kuliko vikiliwa peke yake. Na ikiwa ni mtu wa kufunga na operesheni ikaangukia Ramadhani, siku za stenti ni za ugonjwa, azilipe baadaye.

Vipande vitakavyotolewa ombeni vipelekwe maabara vikachunguzwe ni vya aina gani, wengi wanapewa kwenye kichupa kama zawadi wanakwenda kuviweka kabatini. Bila hiyo ushauri wangu wa chakula ni wa jumla tu. Kwa sasa niletee vitu vitatu: ile HU, majibu ya kalcha, na kriatinini ya damu, kile kipimo kinachoonyesha figo zinafanya kazi vipi. Kriatinini ikiwa juu niandikie siku hiyo hiyo usingoje, kwa sababu hapo diklofenaki inatoka, madafu yanatoka, na tarehe ya thieta inaletwa karibu zaidi.